Randa ya Stanley Bailey namba 5, baada ya miaka minne mkononi

Nilipoikuta randa hii, chuma cha kulainishia mbao, ilikuwa kazini, ila si kazi yake. Muuza vyuma chakavu mmoja pale sokoni Kongowea, Mombasa, alikuwa ameilaza juu ya pembe ya turubali ili upepo usilipeperushe. Imejaa kutu kutoka pua hadi mkia, mkono wa nyuma umevunjika ukabaki kisiki, na bledi imetafunwa kama jino la mzee. Nikauliza bei ya pampu ya baiskeli, nikauliza bei ya nyundo, kisha randa nikaigusa kwa ncha ya kiatu: "Na hiki?" Akasema elfu tatu na mia tano. Nikacheka, naye akacheka. Tukaishia elfu moja na mia nane, akaenda kutafuta jiwe la kuzuilia turubali lake.

Hiyo ilikuwa Machi 2021. Tangu hapo haijapita wiki bila kuishika, ukiondoa siku kumi nilizolala na malaria. Naandika haya kwa sababu watu wa rika langu, wenye tai na mabegi ya kompyuta, wameanza kuniuliza: "Ndugu yangu, nikitaka kuingia useremala ninunue nini kwanza?" Wengi wao tayari wana mashine kichwani. Basi niseme habari za chuma hiki, mabaya na mazuri, ili nisirudie kwenye simu.

Kwanza mjue anayesema. Mimi si fundi wa kuzaliwa. Miaka 22 nilikuwa karani wa nyaraka za forodha katika kampuni ya uwakala wa mizigo, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Nilianza na fomu za nakala sita na karatasi za kaboni, nikaukuta mfumo wa kompyuta wa forodha, Simba, ulipoletwa 2005, nikawa mmoja wa wale walioitwa kila unapogoma. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya bara ipakiwe treni ya SGR ikatolewe Nairobi. Mombasa watu wakaandamana, na sisi huko ofisini tukaanza kuhesabu meza. Mimi nikapewa hiari: nihamie Nairobi au nichukue kiinua mgongo. Nilikuwa na miaka 46. Mama watoto anafundisha chekechea Tudor, na mama yangu mzazi hatoki Majengo hata kwa winchi. Nikachukua kiinua mgongo.

Kwa nini useremala, sina hadithi tamu. Nyuma ya nyumba ya mama kuna karakana ya mzee mmoja, bati nne na meza mbili za kazi, na tangu utotoni nilikuwa nikiokota maranda yake ya kuwashia jiko. Februari 2020 nikaenda kumwamkia, nikamwambia nataka kujifunza. Akanitazama mikono kwanza, kisha kitambi. Akasema: "Haya. Lakini wewe utafagia kama wenzako." Wenzangu walikuwa vijana wawili wa miaka 19. Mpaka leo mzee ananiita Karani, nami namwita Fundi.

Sasa randa. Nilianza na mpya, ya hadiwea, chapa nisiyotaka kuitaja, shilingi 2,400, imepakwa rangi ya kumeta na kufungwa kwenye boksi zuri. Miezi mitano nikapigana nayo. Upande wake wa chini ulikuwa umepinda kiasi kwamba ukiuweka juu ya kioo, noti inapita katikati. Bledi ilikuwa laini: unainoa asubuhi, saa tano inakwaruza. Nikadhani kosa ni langu. Hilo ndilo baya la kifaa kibovu mkononi mwa mtu anayeanza ukubwani, maana tayari unajishuku, nacho kinakuja kutoa ushahidi dhidi yako. Kijana wa miaka 19 angeitupa pembeni akaazima nyingine. Mimi nilikaa usiku nikihesabu miaka niliyopoteza.

Namba 5 ni ndefu inchi 14, bledi yake upana inchi 2, na uzito wake ni kilo mbili na kitu. Hizi namba za Bailey si za ubora, ni za ukubwa: namba 4 ni fupi, ya kumalizia uso wa mbao, namba 7 ni ndefu inchi 22, ya kunyoosha kingo za mbao zitakazounganishwa. Namba 5 iko katikati, inafanya kidogo cha kila kitu. Muundo wenyewe ni wa Leonard Bailey wa Marekani, na Stanley walinunua haki zake mwaka 1869. Yangu imetengenezwa Uingereza, imeandikwa hivyo kwenye chuma chenyewe. Umri wake siujui, ila ukiiweka kando ya ile ya Fundi, iliyokuwa ya baba yake, unaweza kubadilisha skrubu zao zikaingiliana.

Kuisafisha kulinichukua siku tatu. Niliifungua yote, nikavitia vyuma kwenye beseni la siki ya dukani usiku kucha, asubuhi nikasugua kwa waya wa kusugulia sufuria. Mama watoto aliuliza beseni lake limekwenda wapi, nikamwambia ukweli, nikamnunulia jingine. Baada ya siki suuza kwa maji, kausha juani palepale, kisha paka mafuta. Ukichelewa, kwa hewa hii yetu ya chumvi kutu inarudi kabla hujamaliza chai.

Kisha kunyoosha tumbo lake, yaani ule upande wa chini. Nilipata kipande cha kioo kinene kwa mafundi wa vioo, nikabandika msasa wa maji, ule wanaotumia mafundi wa kupaka magari rangi, nikaisugua randa juu yake huku bledi imefungwa ndani ila imerudishwa juu isiguse. Hilo la bledi Fundi ndiye aliyenifunza, kwa sababu chuma kikikazwa hujivuta kidogo, na unataka kinyooke jinsi kitakavyokaa kazini. Chora mistari ya kalamu ya wino kwenye tumbo lote, usugue hadi mistari ifutike. Yangu ilifutika mbele na nyuma ya mdomo, ule upenyo inapotokea bledi, kwa saa mbili. Katikati palibaki kivuli, nikakiacha, na hakijanisumbua.

Mkono wa nyuma ndio ulionifundisha zaidi ya yote. Nilikata kipande cha mninga kilichobaki kwenye kazi ya kitanda, nikachora umbo, nikakata kwa msumeno mwembamba, nikachonga kwa tupa siku nzima. Ulitoka mzuri, nikaufunga, nikasukuma mara ya tatu, ile pembe ya juu ikakatika ikaniachia kipande kiganjani. Fundi hakusema kitu. Alichukua kile kipande, akanionyesha nyuzi za mbao: zilikuwa zimesimama kutoka chini kwenda juu. Akalaza kidole: nyuzi zilale sambamba na tumbo la randa, ndipo ile pembe iwe na nguvu. Wa pili nyuzi zilikuwa sawa, lakini nikaufanya mnene kama wa jembe. Wa tatu ndio ninaotumia. Mkono huo hushikwa kwa vidole vitatu, si vinne. Kidole cha shahada kinanyooka mbele, kando ya bledi, kama unamwonyesha mtu njia. Nilikuwa nikishika kwa ngumi nzima na kupata malengelenge kwenye makutano ya dole gumba. Nilipotoa kile kidole kimoja nje, maumivu yakaisha.

Kunoa sasa. Watu wanauliza "Inakata vizuri?" Randa haikati. Bledi ndiyo inayokata, na bledi ni wewe. Yangu niliirudisha kwenye pembe ya nyuzi 25 kwa jiwe, kisha ncha yenyewe nikaimalizia kwa nyuzi 30, jiwe la mafuta kwanza na msasa wa 2000 mwisho. Unajua umefika pale unapopitisha kidole nyuma ya bledi, ukahisi kijiukingo chembamba kinachoshika ngozi, upana wote, bila pengo. Ndipo ugeuze, uulaze mgongo wa bledi sawasawa kwenye jiwe, ukiondoe. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikiona uvivu nikiruka hapo katikati. Fundi alikuwa hata haji kutazama. Alikaa na kikombe chake cha kahawa upande wa pili wa karakana akasikiliza, kisha: "Karani, yalia hiyo." Nikanoa tena. Randa kali ina sauti moja ndefu, kama kitambaa kinachopasuliwa polepole. Butu inakwaruza na kusimama, inakwaruza na kusimama.

Mwezi wa Ramadhani nimejiwekea utaratibu wangu: kazi ya kupiga randa ni asubuhi, na baada ya adhuhuri nanoa vyuma vyote vya karakana. Kusukuma chuma cha kilo mbili juu ya mvule ukiwa umefunga, vumbi lake kooni, si ibada ninayoiweza.

Tuingie kwenye mbao, maana randa husifiwa kwa mbao. Juu ya mninga, namba 5 yangu ni raha tupu. Maranda yanatoka yamejikunja, mekundu, marefu kama utepe, na uso unabaki unang'aa kabla hujagusa msasa. Mkangazi pia haina shida. Mwembe, mbao ya bei nafuu ninayowashauri wanaoanza, inakubali ila nyuzi zake hugeuka ghafla, unaenda vizuri kisha inang'oka kipande kama gamba la samaki. Dawa yake ni lile bamba la pili linalokaa juu ya bledi: lisogeze karibu na ncha hadi nusu milimita au chini, na chukua unyoya mwembamba, yaani randa moja kila unaposukuma. Mnazi sikushauri kabisa, labda uwe na adui wa kumwazima randa. Nje ni mgumu, ndani unabomoka, na una mchanga wake wa asili unaokula makali.

Mvule ni habari ndefu. Wateja wanaupenda, kwa jina na kwa kuwa wadudu hawauwezi. Nyuzi zake zinapishana, mstari huu unakwenda mbele na mstari ulio kando unarudi nyuma, kwa hiyo hakuna upande ulio sahihi. Na kuna siri nyingine ambayo hakuna aliyeniambia: mvule huficha mawe. Ni madini ya chokaa yanayoganda ndani ya mti wenyewe. Mwaka 2022, mwezi wa tisa, nilikuwa namalizia ubao wa meza ya kulia ya mteja wa Nyali, futi saba, unyoya wa mwisho kabisa, randa inaimba. Nikasikia "tk". Sauti ndogo tu, kama kuvunja punje ya mchele kwa jino. Nikaendelea kwa mazoea, na nilipotazama nyuma, ubaoni palikuwa na uzi mwembamba ulionyanyuka, umenyooka kutoka pale nilipoisikia hadi mwisho. Bledi ilikuwa imemeguka kiasi cha ncha ya sindano, na pale palipomeguka mbao haikukatwa. Ukipitisha kucha unausikia. Nikafungua, nikasaga bledi upya, dakika arobaini, nikafunga, nikaupiga ubao wote tena.

Ni katikati ya dakika hizo arobaini simu ililia. Bosi wangu wa zamani. Serikali mpya ilikuwa imeirudisha kazi ya kutoa mizigo Mombasa, meza zinafunguliwa tena, anataka watu wanaojua kazi, na mshahara si ule wa zamani, umeongezwa. Nilikuwa na mafuta vidoleni, simu nimeibana kwa bega. Nikamwambia nitampigia nikimaliza ubao. Nikamaliza saa kumi na moja, nikapanda tuktuk na meza ikafungwa kwenye pikapu kesho yake. Nilikumbuka simu siku ya nne, mama watoto aliponiuliza yule bwana alitaka nini.

Msinielewe vibaya, hesabu haijakubali kirahisi. Ofisini nilikuwa nikipeleka nyumbani 78,000. Karakana, mwezi mzuri hufika 60,000, na mwezi wa mvua kubwa, mbao zimelowa na wateja wamejifungia, nimewahi kubaki na 19,000. Mwaka wa kwanza mama watoto ndiye aliyelisha nyumba, kwa mshahara wake na mahamri ya asubuhi. Anayewaambia kuwa useremala unalipa tangu mwanzo anauza mashine.

Na tukizitaja mashine: ndiyo, zina kazi yake. Mimi mbao mbichi za kiwandani napeleka kupitishwa mashine, nalipa kwa futi, zinarudi zimelingana unene. Nilinunua pia randa ya umeme kwa kiinua mgongo changu, nikajuta robo tatu. Kwa kutoa unene mwingi haraka iko sawa. Lakini inaacha mawimbi usoyaona hadi vanishi ikauke, mama mmoja wa nyumba ya nyuma alinijia na mtoto mchanga begani kuniuliza, kwa kelele za mashine hiyo, kama nina huruma, na umeme ukikatika inakuwa kizuizi cha mlango. Mawimbi yake ninayafuta kwa namba 5.

Kazi iliyonipa heshima kubwa zaidi na hii randa ilikuwa ndogo. Nyumba moja Kibokoni, mlango wa zamani wa mbambakofi, ubawa mmoja unakwaruza sakafu tangu masika. Mwenyewe alikuwa tayari ameambiwa na mtu aje na msumeno wa umeme akate chini. Nilikwenda na Fundi, tukaung'oa watu wanne. Mfaa wake, ule mti wa katikati, una nakshi ya maua ambayo sikuthubutu hata kuiegemea. Tulitoa unyoya kumi na moja kwenye ukingo wa chini, nikizihesabu kwa sauti, tukiusimamisha na kuujaribu. Mbao ya umri ule ni kavu na nzito, maranda yake yanakatika vipande vifupi, hayajikunji. Fundi alisukuma ule wa mwisho yeye mwenyewe, kwa randa yangu, akaitazama, akanirudishia. Hakusema nzuri wala mbaya. Aliuliza tu nimeinunua wapi.

Ubaya wake? Gurudumu la shaba la nyuma, linaloshusha na kupandisha bledi, kwenye yangu limelegea kwa uzee. Unalizungusha karibu nusu duara kabla bledi haijajua kuwa unaongea nayo. Na linazunguka kinyume na skrubu za kawaida, kwa hiyo mwezi wa kwanza utashusha ukitaka kupandisha. Dawa ni kumalizia kila marekebisho kwa kushusha, usimalizie kwa kupandisha, la sivyo bledi itarudi nyuma kazini. Bledi ya akiba mjini nimeitafuta muda mrefu, nikapata moja tu, nayo ikataka kusagwa kando ndipo iingie. Uzito pia si kitu cha kupuuza. Mgongo wangu wa kiti ulilalamika miezi sita. Na kutu: kila jioni napangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, hata nikichoka vipi. Siku moja ya Kusi niliisahau na jasho la kiganja, asubuhi nikakuta alama za vidole vyangu vitano zimechorwa ubavuni kwa rangi ya machungwa. Bado zinaonekana ukiigeuza juani.

Mwaka jana nilifanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, Gredi ya Tatu, nikiwa mkubwa kuliko msimamizi. Tuliruhusiwa kuja na vifaa vyetu. Kijana aliyekuwa meza ya kando aliiazima namba 5 yangu mara mbili, mara ya tatu akasahau kuomba.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imo kwenye lile gurudumu.

Ukiiona mahali, igeuze kwanza utazame mdomo wake: ufa ukianzia pale, iache, hata akikupa bure. Kutu si neno. Mkono uliovunjika si neno, utachonga. Bledi iliyoliwa si neno ikiwa imebaki zaidi ya inchi moja mbele ya lile tundu refu la katikati. Hakikisha lile bamba la juu lipo na skrubu zake zinafunguka. Na bei uiulize mwisho, baada ya pampu na nyundo.

Mimi sasa natafuta namba 7. Mwenye nayo imezuia turubali au imelala chini ya kitanda cha marehemu babu, tuonane Majengo, tusikilizane.